Mistari Mia Tano na Ziwa Lililopanda

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita pale Mwanga, Kigoma, mbele ya makarani wa takwimu za mialo (mahali mitumbwi inaposhushia samaki), wanafunzi wa kompyuta na wazee wachache waliokubali kuja kutusikiliza. Wenzetu wa vijiji vya Buhingu na Kalya walikosa usafiri wa boti, wakaomba maneno yote yaandikwe. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Sisi tunaitwa watu wa mwisho wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo jina hilo halijatutoka. Lakini ni nani humu ndani asiyejua kwamba mzigo hauishii stesheni? Unashushwa, unapelekwa bandarini, unavuka kwenda Bujumbura, Kalemie, Mpulungu. Anayetazama ramani ya reli peke yake ataona mstari umekoma na atadhani safari imekoma. Wala ramani haitamwambia kwamba mbele yake kuna Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya mia sita.

Leo nataka tuzungumze juu ya mstari mwingine unaokoma. Ni ule tunaouchora wenyewe kila tunapoiuliza kompyuta habari za ziwa letu na kumalizia kwa amri ndogo: nipe mistari mia. Nipe mistari mia tano. Mstari mmoja wa jedwali ni usomaji mmoja ulioandikwa. Wataalamu wanaiita limiti, mimi nitaiita kikomo.

Data tunazoshughulika nazo humu zote zina saa. Kina cha maji saa fulani. Kilo za dagaa alfajiri fulani. Joto la maji, kasi ya upepo, bei mnadani. Ukikata orodha ya majina ya wanakijiji, unapoteza baadhi ya majina. Ukikata orodha yenye saa, unapoteza kipande cha wakati, na mara nyingi kipande hicho kina upande mmoja: ni jana yote, au ni leo yote. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Sisemi kikomo ni kibaya. Bando ni ghali, seva zetu ni ndogo, na mtu akiomba vipimo vya mwaka mzima vya kila dakika anaomba zaidi ya mistari laki tano. Kikomo kinaokoa mashine. Ninachouliza ni hiki: kinapokata, kinakata nini? Na nani anaambiwa?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipanda. Mnakumbuka. Bujumbura watu walihama nyumba zao, na huku kwetu maji yalifika mahali ambapo vijana walikuwa hawajawahi kuyaona. Wakati huo nilipewa kazi na ofisi moja, nisiyoitaja, kutengeneza ukurasa wa grafu ya kina cha maji. Kipimo kilikuwa kinatuma usomaji mmoja kila saa. Nikaandika swali: nipe kina cha maji kuanzia tarehe 1 Januari. Na kwa kuogopa kuichosha seva, nikaongeza kikomo cha mistari mia tano.

Fanyeni hesabu nami. Mistari mia tano, kila saa mstari mmoja, ni siku ngapi? Hazifiki ishirini na moja. Na programu ile, usipoiambia vinginevyo, inaanza na ya zamani kwenda mbele. Kwa hiyo kila siku, Februari, Machi, Aprili, ukurasa wangu ulikuwa unaonyesha tarehe 1 hadi 21 Januari. Siku ishirini na moja zilezile. Na grafu, kwa uungwana wake, ilinyoosha mstari ukajaza ukurasa mzima kutoka kushoto hadi kulia. Haikuacha nafasi tupu. Haikuweka alama. Ilipendeza kwa macho.

Aprili nilishuka mwaloni Kibirizi. Pale kuna mama mmoja anayeanika dagaa, nilimkuta amesogeza chanja zake hadi karibu na njia. Nikamwonyesha simu, nikiwa na fahari ya kazi yangu. Akaitazama grafu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya ziwa gani?"

Nikamwambia, mama, ni ya ziwa hili.

Akanyoosha mkono. Mahali alipokuwa anaanika mwezi wa kwanza palikuwa chini ya maji. Mitumbwi ilikuwa imefungwa pale.

Wazee wangu, nilirudi nyumbani siku hiyo sijisikii vizuri, na sikulala hadi nilipofahamu nilichokifanya. Kipimo kilikuwa kizima. Mtandao ulikuwa mzima. Data zote za Februari, Machi na Aprili zilikuwa zimekaa ndani ya kanzidata, yaani ghala la data la kompyuta, zimetunzwa sawasawa. Ni mimi niliyezifungia mlango kwa neno moja, kisha nikasahau kwamba nimefunga.

Vijana wa kompyuta, hapa nawaongezea jambo. Mimi nilikuwa na bahati, kwa sababu programu yangu ilikuwa na mpangilio unaojulikana, ya zamani kwanza. Katika kanzidata nyingi zinazoulizwa kwa lugha ya SQL, ile iitwayo PostgreSQL ikiwemo, ukiweka kikomo bila amri ya kupanga, hakuna mpangilio wowote ulioahidiwa. Unapewa mistari mia tano yoyote. Leo hii, kesho mingine, kutegemea mashine iliona njia ipi ni fupi. Mtu anajaribu mara tatu, anaona inakuja vizuri, anaamini. Halafu jedwali linakua, mashine inabadilisha njia, na grafu inageuka bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo ukikata, panga kwanza. Na ukitaka za mwisho, panga kwa kurudi nyuma, chukua unazotaka, kisha zigeuze zisomeke kwa mfuatano wake. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

Hilo lilikuwa kosa la kituo kimoja. Vikiwa vingi je?

Tuseme tuna vituo kumi mwambao mzima. Kimoja, hapa mjini, ni kipya: kinatuma kila dakika. Vingine vinatuma kila saa. Na kimoja huko kusini hakina mashine kabisa. Kuna mti wa kupimia umechomekwa majini, na mzee anakwenda kuusoma asubuhi na jioni, anaandika kwenye daftari, anatuma kwa simu. Sasa mkubwa anasema: nionyeshe hali ya ziwa sasa hivi, mistari mia moja ya mwisho.

Atapata nini? Atapata karibu saa moja na nusu ya kituo cha mjini. Vile vya kila saa vitatokea mara moja, pengine mara mbili. Na yule mzee wa kusini? Hayumo. Alisoma asubuhi, akatembea, akalowa, akaandika, akatuma, na hayumo. Mashine inayosema sana imemaliza nafasi zote, kama mtu aliyeshika kipaza sauti kijijini na haachii.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Tuseme kituo cha tisa kiliharibika Jumatatu na leo ni Alhamisi. Nacho hakimo. Aliye mzima lakini mpole na aliyekufa wanafanana kabisa kwenye skrini: wote wawili hawapo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye kazi yetu kituo kilichonyamaza ndicho cha kukimbilia kwanza, na kikomo cha jumla ndicho kinachokificha.

Dawa ipo, na si mpya. Kikomo kiwekwe kwa kila kituo. Mashine ihesabu mistari ya kila kituo peke yake, kuanzia ya karibuni, na ichukue ya kwanza ya kila kimoja. Kisha pembeni ya kila jina iandikwe saa ya usomaji huo, ili Jumatatu ionekane kuwa ni Jumatatu.

Lakini angalieni, neno lilelile halina maana ileile kila mahali. Katika InfluxDB, kanzidata ya data zenye saa, ya toleo la kwanza, ukishagawa data kwa vituo, kikomo kinahesabiwa kwa kila mfululizo, yaani kwa kila kituo. Unaomba mitano kwa vituo kumi, unapewa hamsini. Katika SQL ya kawaida ungepewa mitano tu, basi. Na Prometheus, programu nyingine ya data zenye saa, ina amri ya kuchagua vinara, yaani wenye namba kubwa kuliko wengine. Ukiomba vinara watatu kwenye grafu ya siku nzima, inachagua watatu upya katika kila hatua ya wakati, kwa hiyo kwenye grafu unaweza kuhesabu mistari minane. Kijana mmoja aliniambia programu ina hitilafu. Haina. Alijibiwa alichouliza, na alichouliza hakikuwa alichotaka.

Mama zangu, sasa nakuja kwenu, kwenye dagaa.

Mtu anasema: nipe mavuno ya mistari thelathini ya mwisho. Moyoni mwake anawaza siku thelathini, mwezi mmoja. Je, mistari thelathini ni mwezi? Nani hapa anavua dagaa kwenye mbalamwezi? Taa zina kazi gani mwezi ukiwa umejaa? Wavuvi hupumzika, nyavu zinakaushwa na kushonwa, na karani hana cha kuandika. Kwa hiyo mistari thelathini ya mwalo mmoja huvuka mwezi na kuingia mwezi mwingine. Mtu akigawanya jumla kwa thelathini akasema "wastani wa siku", amehesabu siku za kazi tu na kuzitupa siku za njaa.

Na kuna shimo kubwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa upande wetu ulifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mtu aliyeuliza mwishoni mwa Agosti kwa kuhesabu mistari, bila kutaja tarehe, aliunganisha siku chache za baada ya kufunguliwa na siku za Mei, kama vile zimepakana. Grafu ikachora mstari ulionyooka kutoka Mei hadi Agosti. Miezi mitatu ambayo nyumba nyingi humu zilibadilisha chakula, grafu iliivuka kama mtu anavyovuka mfereji.

Ndiyo maana nasema: data zenye saa zikatwe kwa saa. Sema kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Siku isiyo na mavuno ibaki tupu, ionekane tupu. Idadi ya mistari iwe ulinzi wa mwisho wa seva tu, isiwe ndiyo swali lenyewe.

Lakini hata ukikata kwa saa, saa ya nani? Hapa Kigoma swali hili ni zito kuliko Dodoma. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia ambayo kanzidata nyingi hutumia kuhifadhi. Burundi, Kongo upande wa pili wa maji na Zambia wako saa mbili mbele. Ziwa moja, saa mbili tofauti. Ukimwambia mashine "data za leo" na yeye anafuata saa ya dunia, leo yake inaanza saa tisa usiku yetu. Saa tisa usiku mvuvi yuko wapi? Yuko katikati ya ziwa, taa zinawaka, wavu uko chini. Usiku wake mmoja, safari yake moja, mafuta yake yaleyale, unakatwa vipande viwili na kuhesabiwa kuwa siku mbili. Nilipoona hivyo niliwaomba wenzangu tuhesabu usiku wa uvuvi, kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri, na tangu hapo takwimu zikaanza kufanana na maneno ya wavuvi.

Na makarani wangu, msichukie: ile saa yetu ya Kiswahili. Mtu anaandika saa 2, ni asubuhi, jua limetoka. Anayeingiza kwenye kompyuta anaandika 02:00. Usomaji wa asubuhi umeruka na kuwa wa usiku wa manane. Kwa macho ya kawaida ni kosa dogo. Lakini ukipanga kwa saa na kuchukua mmoja wa mwisho, unachukua usiokuwa wa mwisho, na hutajua. Andikeni asubuhi, jioni, alfajiri. Daftari lina nafasi.

Ujiji, hapo jirani tu, Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linauweka mkutano huo Oktoba. Watu wawili, mkutano mmoja, chini ya mwembe mmoja, na tarehe hazilingani. Naliwaza jambo hilo kila ninapoona jedwali lenye saa zisizoelezwa zimetoka wapi.

Yapo mengine mawili nitayapitia haraka. Kuna kugeuza kurasa: unaomba mistari mia ya kwanza, halafu "ruka mia, nipe mia inayofuata". Wakati unasoma ukurasa wa kwanza, mipya imeingia juu, kila kitu kimesogea, na mistari kadhaa unaisoma mara mbili. Usiruke kwa idadi. Sema "nipe iliyotangulia saa hii na kituo hiki", na saa iwe ya mstari wa mwisho uliousoma. La pili ni data zinazochelewa. Kalya mtandao ukikatika siku mbili, vipimo vinafika vyote kwa pamoja siku ya tatu, vikiwa na saa za juzi. Aliyezoea kuchukua tu mipya kuliko mara ya mwisho hatavichukua kamwe. Hifadhini saa mbili: saa ya kupima na saa ya kupokea.

Naombeni sasa tutoke nje ya Kigoma kidogo, kwa sababu kuna watu watasema haya ni matatizo ya ofisi ndogo.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nchini Uingereza, taasisi ya afya ya umma ilikuwa inapokea majibu ya vipimo kutoka maabara na kuyapitisha kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani. Faili za mtindo huo zina mwisho: mistari 65,536, hauongezeki hata mmoja. Majibu yakazidi. Yaliyozidi hayakuingia. Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kwenye taarifa za kila siku. Wao wenyewe walikuwa wamepata majibu yao. Lakini waliokaa nao, waliokula nao, waliosafiri nao basi moja, hawakutafutwa kwa wakati.

Nchi tajiri. Wataalamu wa kutosha. Na kikomo kilikata kimyakimya, kama kilivyokata kwangu, kwa zile siku zangu ishirini na moja.

Ndugu zangu, hicho kimya ndicho ninachokipinga. Nawapenda watengenezaji wa Prometheus kwa jambo moja: ukiiomba pointi zaidi ya 11,000 kwa mfululizo mmoja, inakataa. Inakurudishia kosa na kukwambia umezidisha. Wengi hukasirika. Mimi nasema afadhali mlango unaogoma kuliko mlango unaokupa nusu na kukwambia ni yote. Kwa hiyo kwenye mifumo yetu, mnaoiandika, fanyeni hivi: mkitaka mistari mia tano, ombeni mia tano na mmoja. Huo mmoja ukija, mmejua kuna mingine imebaki. Uoneshwe mstari mwekundu juu ya grafu: data hizi zimekatwa, za mwisho kuonekana ni za tarehe fulani. Na kama grafu ni ya mwaka mzima, msikate, finyeni: kila siku iwe na kima cha chini, cha juu na wastani. Mkiweka wastani peke yake, mawimbi ya dhoruba ya usiku mmoja yatazama ndani ya siku tulivu, na dhoruba ndiyo inayozamisha mitumbwi.

Jambo langu la mwisho ni la wazee zaidi kuliko vijana.

Mwaka 2003 majarida ya Nature na Science yalichapisha tafiti juu ya ziwa letu. Watafiti walionyesha kwamba maji yamepata joto, hata ya kina kirefu, na kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, kwa hiyo chakula kinachopanda kutoka chini kimepungua, na samaki hutegemea hicho. Walijuaje? Kwa sababu kulikuwa na vipimo vya joto vilivyochukuliwa 1913. Mtu fulani miaka tisini nyuma aliteremsha kipimajoto majini, akaandika namba na tarehe, na hakuna aliyeitupa karatasi ile. Hapo Gombe, tangu 1960 alipofika Jane Goodall, watu wameandika habari za sokwe siku baada ya siku, na sehemu kubwa ya waandishi hao ni vijana wa vijiji vyetu.

Sasa fikirini mfumo wenye kanuni ya kubakiza mistari elfu kumi ya mwisho na kufuta mingine ili kuokoa nafasi. Kipimo cha kila dakika kinamaliza elfu kumi ndani ya wiki moja. Wiki moja! Na yule mzee wa kusini, mistari yake miwili kwa siku, angedumu miaka zaidi ya kumi na tatu. Kanuni moja, haki tofauti, na hakuna aliyeketi kuamua hivyo.

Nimeshika hapa mkononi daftari la Kibirizi la mwaka 2021. Kurasa za mwisho zimelowa, wino umetawanyika, lakini Aprili inasomeka. Usomaji wa tarehe 22 Januari upo. Wa tarehe 23 upo. Karani aliyeuandika yuko safu ya tatu pale, na nilikuwa sijamshukuru mbele za watu.

Asante sana, dada yangu.

Kesho saa mbili asubuhi chumba cha kompyuta kitakuwa wazi. Kila mmoja aje na swali moja ambalo ofisi yake inaiuliza kanzidata kila siku. Tutayafungua moja moja, tutafute kikomo kilipo, na tutazame kuna nini upande wa pili.